Jibu Lililohamishwa Chumba

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu, na anauliza kama lile koti lako la kijivu umeshalitupa au tunangoja tulizike kwa heshima zote.

Nina habari. Nimeona niiandike kwenye karatasi kama tulivyozoea, kwa sababu mbili. Ya kwanza, kukupigia simu ni kazi bure, na ujumbe mfupi wewe unaujibu "Sawa" hata mtu akikuambia nyumba inaungua. Ya pili, simu ninayotumia na barua pepe yangu vyote ni vya ofisi, na vinasomwa na watu ambao sijawahi hata kuwaona sura. Bahasha angalau mtu akiifungua inaonekana.

Wamenipa jukwaa. Ndiyo, lile lile la mtandaoni la watumiaji wa programu ya rekodi za shule, ambako makarani na walimu wanauliza maswali na wewe unawajibu tangu mimi niko darasa la sita. Kampuni inataka lote lipangwe upya kabla ya mwisho wa Machi, na kazi nimekabidhiwa mimi niliyeingia juzi, hata miezi mitatu sijamaliza. Nikiifanya vizuri nathibitishwa kazini. Nikiivuruga, bosi hakumalizia sentensi, aliutazama tu mlango.

Ombi langu ni moja. Hapa hakuna anayejua kwamba Sikio ni mjomba wangu. Kutwa wanakutaja, Sikio alisema hivi, Sikio alijibu vile, na mimi nimeuma midomo nisicheke. Wakijua watasema napendelea ndugu. Kwa hiyo kule jukwaani wewe na mimi hatujuani.

Sasa niambie, wewe uliyekaa humo miaka kumi na miwili: ungekuwa mimi, ungeanzia wapi?

Mpwa wako,
Kiherehere


11 Februari

Kiherehere,

Marahaba. Koti lipo, na litawazika ninyi.

Barua yako nimeisomea hapa masjala, kwenye meza yangu ile ya pembeni, mgongo kwenye kabati la mafaili ili nimwone kila anayeingia. Mkuu wa shule alinikuta natabasamu peke yangu, akaniandikia kwenye daftari: "Kuna nini?" Nikamwambia mpwa wangu, yule aliyekuwa akija likizo kuchapa majina ya wanafunzi kwa kidole kimoja, amepewa jukwaa zima. Akapiga makofi. Sikuyasikia, lakini mikono ilionekana ina furaha.

Kabla ya ushauri nikwambie jukwaa lile ni nini kwangu, maana nadhani umelizoea mno kiasi kwamba hulioni. Homa ya uti wa mgongo ilinichukua masikio nikiwa na miaka kumi na tisa. Tangu hapo, kila ninayekutana naye hunijua kwanza kwa hilo, na wengi huishia hapo. Dukani wanamuuliza mama yako mimi nataka nini, na mimi nimesimama hapo hapo na kikapu mkononi. Kule jukwaani hakuna anayejua. Nilijiita Sikio kwa utani wangu mwenyewe, na sijamfungulia mtu siri yake. Watu wakikwama wanaambiana, "Msubirini Sikio." Wakiniomba namba ya simu nakataa, na wao wanasema Sikio ana maringo. Nayakubali maringo kwa mikono miwili. Ukilinganisha na ninavyoitwa mtaani, hicho ni cheo.

Ushauri wangu ni huu. Paka rangi, ondoa utando, badilisha kila unachotaka, ila usivunje vyumba. Unajua jukwaa limegawanywa kwa matoleo ya programu: chumba cha toleo la tatu, cha nne, cha tano, cha sita. Sisi wa zamani tulijizoeza vibaya. Mtu akishaingia chumbani hataji tena toleo, maana wote waliomo wanalijua. Majibu yangu ni elfu moja na mia tisa na ushee, na sidhani kama yapo hamsini yaliyotaja toleo. Jibu likitolewa chumbani mwake ni dawa iliyobanduliwa karatasi. Linaweza kumponya mmoja na kumlaza mwingine.

Ombi langu nalo ni moja. Jina la Sikio likae juu ya maneno ya Sikio, na yakae pale alipoyasemea. Sitaki medali.

Ile methali ya asiyesikia la mkuu siipendi, na sababu unaijua. Lakini wewe masikio unayo, tena mawili.

Mjomba wako


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Usikasirike kabla hujafika mwisho wa barua.

Vyumba vinaondoka. Nilipinga, Mjomba, nilipinga kikaoni mbele ya watu wanane, lakini bosi ana hoja na hoja yake ina miguu. Anasema mwalimu aliyekwama hajui ana toleo gani. Anachojua ni kwamba programu imeganda na mkuu wake amesimama mlangoni. Ukimwonyesha vyumba vinne anafunga na kuondoka. Kwa hiyo sasa tunapanga kwa tatizo: "Programu imeganda", "Alama hazionekani", "Ripoti haichapiki". Nyuzi zote zinazouliza jambo moja zinaunganishwa kuwa uzi mmoja, na majibu yaliyoshukuriwa na watu wengi yanapanda juu.

Sasa sikiliza uzuri wake. Kwenye "Programu imeganda", jibu la kwanza kabisa ni lako. Watu mia nne na kumi na mbili wamelishukuru. Kila mahali ninapounganisha, Sikio anaibuka juu. Nimekuwekea na nyota ya Bingwa kando ya jina, usiseme hukutaka medali, imeshawekwa.

Tarehe tumeziondoa kwenye majibu. Bosi anasema zinafanya jukwaa lionekane limechacha.

Tunafungua tarehe 20. Niombee.

Mpwa wako,
Kiherehere


9 Machi

Kiherehere,

Sina muda wa salamu, posta inafunga.

Jibu hilo unalolisifu nililitoa miaka tisa iliyopita, chumba cha toleo la tatu. Nilisema: funga programu, futa folda iitwayo Muda, fungua upya. Katika toleo la tatu folda hiyo ilikuwa jalala tu, inashika mabaki. Kuanzia toleo la tano waliigeuza: alama zote za muhula zinakaa mle mpaka muhula ufungwe. Mwenye toleo la sita akifuata maneno yangu atafuta kazi yake yote kwa mkono wake mwenyewe, na programu haitamuuliza mara mbili.

Nimekaa siku tatu napitia. Yapo majibu saba ya namna hii, orodha imo ndani ya bahasha, nimeandika kwa herufi kubwa. Hilo la Muda liondoe kabla ya tarehe 20. Mengine sita, ukishindwa kuyaondoa, andika tu juu yake "Toleo la tatu". Ni maneno matatu. Bosi wako hatachacha kwa maneno matatu.

Mjomba wako


24 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya, hapa palikuwa hapakaliki.

Tumefungua. Ungeona ukumbi: kiti cha mbele alikaa mkurugenzi, kuna keki, kuna picha, nimeitwa mbele nikasimama nimevaa viatu vya Mama vinavyonibana. Mkurugenzi alijaribu mwenyewe. Aliandika "imeganda", jibu likaja mara moja, watu wakapiga makofi. Bosi alinibonyeza bega akasema mwisho wa Aprili kazi ni yangu. Mama alilia niliporudi nyumbani. Anasema angekuwepo Babu.

Orodha yako niliipata. Nitaishughulikia wiki hii, nikishapumua. Kabla ya ufunguzi tulikatazwa kugusa chochote, hata nukta.

Barua yako ilikuwa kali kidogo, lakini nimekuzoea.

Mpwa wako,
Kiherehere


8 Aprili

Mpwa wangu,

Imetokea.

Kuna mwalimu wa taaluma wa shule moja ya wasichana, jukwaani anajiita Chaki. Nimemjibu maswali kwa miaka minne na hajawahi kuuliza swali la kipuuzi. Tarehe 2 programu yake iliganda, siku mbili kabla ya kupeleka alama. Akafungua jukwaa lako jipya, akakuta jibu la Sikio liko juu kabisa na nyota yake. Akafuta Muda. Madarasa matatu yamekwenda, muhula mzima. Aliandika: "Sikio, nilikuamini bila kuuliza." Hakuandika zaidi, na mimi ningependelea matusi.

Matusi nayo yalikuja. Kufikia jana ni shule kumi na nne. Wanauliza Sikio ni nani, kwa nini anajificha, kwa nini hajawahi kumpa mtu namba yake. Mmoja ameandika, "Apokee simu aongee kama mwanamume." Nilikaa kumjibu kila mmoja, namna ya kuokoa angalau kidogo kutoka kwenye nakala za zamani. Nikabonyeza kutuma. Ikaandika: akaunti yako imesimamishwa. Wananiuliza na mimi nimefungwa mdomo, kwa hiyo kimya changu kinahesabiwa kuwa jeuri.

Mkuu wa shule yangu amechapa ukurasa mzima. Aliuweka mezani pangu na juu yake akaandika kwa kalamu nyekundu: "Ni wewe?" Yeye peke yake hapa anajua Sikio ni nani. Nikamwambia ni mimi na si mimi. Aliangalia saa akaondoka. Tangu siku hiyo ripoti za shule zinachapwa ofisini kwake.

Na jambo jingine. Nimelisoma tangazo la ufunguzi, lipo hapo juu ya jukwaa, kila mtu anaweza kulisoma. Linampongeza mratibu kijana "aliyebuni wazo la kuondoa vyumba na kulitetea kikaoni". Uliniambia ulipinga.

Sikuombi uniombe radhi. Nakuomba uandike sentensi moja pale chini ya jibu langu: "Jibu hili lilihamishwa kutoka chumba cha toleo la tatu wakati wa kupanga upya." Usinitetee. Hiyo sentensi itanitetea yenyewe.

Mjomba wako


15 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne. Naituma kwa posta ya haraka, na nakuomba na wewe ufanye hivyo.

Ni kweli, wazo lilikuwa langu. Nilijua ukisikia ni mimi utanikatalia, na nikikataliwa na wewe nisingekuwa na nguvu ya kuendelea. Ilikuwa ni rahisi kumsingizia bosi, yeye hata hivyo husingiziwa kila kitu. Na orodha yako niliisoma siku ilipofika, tarehe 14 Machi. Ningeweza kukaidi nikaondoa lile jibu moja. Nilisema moyoni, nani atauliza hilo ndani ya wiki ya kwanza. Baada ya ufunguzi nikaitwa huku na kule. Sina la kujitetea.

Lakini sentensi unayotaka siwezi kuiandika. Nilimpelekea bosi akaisoma akanirudishia. Anasema tukikiri kwamba upangaji ndio uliokosea, kila shule itataka tukae nayo mezani tuilipe fidia, na mimi nitakuwa wa kwanza kutolewa. Wanachotaka ni Sikio mwenyewe aombe radhi. Kwamba alitoa jibu bila kutaja toleo. Basi. Akishaomba, akaunti yake inafunguliwa, watu wanatulia, maisha yanaendelea.

Mjomba, mimi huku nina Mama. Presha yake unaijua, na usimtumie ujumbe wowote kuhusu haya, tafadhali. Thibitisho langu ni tarehe 30. Wewe kule unajitolea tu, hulipwi, huna mkubwa, huna cha kupoteza. Watu watasahau ndani ya mwezi.

Nijibu kabla ya tarehe 25. Nitasubiri mpaka siku hiyo.

Mpwa wako


21 Aprili

Kiherehere,

Barua yako ilifika jana asubuhi. Nimelala nayo na kuamka nayo.

"Huna cha kupoteza." Umeiandika haraka, nimeona wino ulivyokimbia. Nami nimekaa nikajaribu kuhesabu nilivyo navyo nikaona unaweza kuwa na haki, kwa sababu nilicho nacho ni kimoja. Kuna mahali pamoja duniani ambapo mtu akiniuliza jambo anangoja jibu langu, hatazami nyuma yangu kumtafuta aliyekuja nami. Hicho ndicho unachoniomba. Nilitaka ujue uzito wake kabla hujakipokea.

Chukua. Nimefikiri sana juu ya mama yako. Homa iliponitupa, yeye ndiye aliyeacha chuo akakaa nami mwaka mzima, ananifundisha kusoma midomo kwa kioo cha kunyolea. Hakuwahi kunikumbusha hilo hata siku tulipogombana. Nikikunyima wewe nitakuwa nimemnyima yeye, na fadhila za punda sizitaki ziwe zangu.

Radhi nimeiandika mwenyewe, iko kwenye karatasi ya pili. Inasema hivi: "Mimi Sikio niliandika jibu lile miaka tisa iliyopita bila kutaja toleo. Aliyelifuata akapoteza kazi yake, kosa ni langu. Nisameheni." Nimetafuta uongo ndani yake sijauona. Ni kweli sikutaja toleo. Ukweli uliobaki nimekuachia wewe uubebe, na sitakuuliza unaubebaje.

Sharti langu ni dogo. Ichapwe hivyo hivyo. Isiongezwe neno, na asiambiwe mtu Sikio ni nani. Nikishakosea kama watu wengine, acha nibaki mtu kama wengine.

Naipeleka posta sasa hivi, kwa haraka kama ulivyotaka. Itakufikia tarehe 24.

Hongera kwa kazi. Nasema kwa moyo, ingawa moyo wenyewe umechoka.

Mjomba wako


23 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nakuomba usome polepole.

Jana bosi alisimama mezani kwangu na saa mkononi. Alisema Sikio akikaa kimya siku moja zaidi watamtangaza kuwa mvurugaji na kufuta majibu yake yote. Nikamwambia bado nangoja. Akauliza, unamngoja vipi, unamfahamu? Nikashikwa. Nikamwambia ni mjomba wangu. Akauliza mbona hapokei simu tulimalize jambo hili kwa dakika tano. Nikamwambia sababu.

Akakaa kwenye kona ya meza yangu, kwa mara ya kwanza tangu niingie ofisini hapa. Akasema, hilo ndilo. Samahani kavu haizimi moto, lakini watu hawawezi kumtukana mtu wa namna hiyo.

Radhi imetoka jana mchana kwa jina lako. Nina ufunguo wa akaunti zote, unajua. Niliiandika mimi, kwa adabu, nilijaribu kuandika kama wewe. Inasema hukutaja toleo, unaomba msamaha, na kwamba kwa kuwa wewe ni kiziwi wakati mwingine huwa hupati vizuri unachoulizwa.

Najua utasema maswali ya jukwaani yanaandikwa. Najua, Mjomba. Lakini hakuna hata mmoja aliyeliuliza hilo. Ndani ya saa moja matusi yalikoma. Yule aliyekutaka uongee kama mwanamume amefuta maneno yake. Wamekuandikia pole zaidi ya mia mbili, wengine wanasema wamelia. Wanakupenda. Nilitamani uone unavyopendwa.

Akaunti yako imefunguliwa. Bosi amesaini karatasi yangu leo asubuhi, hakungoja hata tarehe 30. Mama bado sijamwambia, namwachia mshangao.

Kama una hasira niandikie, nitazipokea zote. Lakini nadhani ukiingia ukaona, utanielewa.

Mpwa wako,
Kiherehere


6 Mei

Nimeipokea barua yako, na bila shaka wewe umeshaipokea yangu. Zilipishana njiani. Angalia tarehe. Ulinipa mpaka 25. Uliandika kwa jina langu tarehe 22, na siku hiyo radhi niliyokupa kwa hiari ilikuwa ndani ya mfuko wa posta inakuja kwako. Ungengoja siku mbili usingehitaji kuiba chochote. Nilikuwa nimekwisha kukupa.

Hilo ningelimeza. Nimemeza makubwa zaidi, na kosa la haraka ni kosa la kila mtu. Nisiloweza kulimeza ni lile neno ulilotia juu yake, kwa sababu hukulitia kwa haraka. Uliketi ukatafuta kitu kitakachowanyamazisha watu, ukakipata kwangu. Kati ya ndugu zangu wote wewe na mama yako ndio mliojua kwamba kule sikuwa kiziwi.

Nimeingia nikaona, kama ulivyosema. Nimesoma pole zote mia mbili, maana zimeelekezwa kwangu na ni adabu kusoma. Chaki ameandika, "Baba, nimekusamehe, hukujua." Yule mwanamke alikuwa akibishana nami. Aliwahi kunionyesha kosa langu mara mbili, na mara mbili nilimshukuru. Sasa hanibishii tena. Wengine wananiandikia kwa herufi kubwa tupu, kila neno, kama kwamba skrini nayo inahitaji kupigiwa kelele. Nilicheka, niseme kweli, kisha nikafunga kompyuta nikaenda kupanga mafaili yaliyokuwa yamepangwa.

Mama yako nimemwandikia. Nimempongeza kwa ajili yako, na nimesema sijambo. Sikusema zaidi wala sitasema. Hilo lisikunyime usingizi.

Kazi yako ya kwanza kama mtu aliyethibitishwa naomba iwe hii: liondoe jina la Sikio. Majibu yaache, kuna watu wanayahitaji, na yale saba uliyonayo kwenye orodha yawekee maneno yake matatu. Yabaki bila mwenyewe. Wala usidhani nasusa. Nilijaribu kubaki, na nikueleze ilivyokuwa.

Wiki iliyopita karani mmoja mgeni aliuliza namna ya kurudisha orodha ya darasa iliyojichanganya. Swali jepesi. Nilimjibu kwa mistari mitatu, na toleo nililitaja juu kabisa. Akaandika: "Asante mzee wetu, Mungu akutie nguvu. Ngoja nisubiri mtu mwingine athibitishe." Alisubiri siku mbili, orodha yake ikiwa imevurugika vile vile. Siku ya tatu akaja mtu nisiyemjua, akanakili mistari yangu mitatu bila kubadilisha hata nukta, akaituma. Karani akamjibu papo hapo: "Ubarikiwe, imekubali."

Kaka wa mama yako